Sukari, presha na damu ya mama mjamzito, na tabia ya mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito, Mikindani hadi Nachingwea. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, mama akisubiri kwanza wenzake waondoke. Nimeyajibu kama ningemjibu mama aliyekaa mbele yangu na kadi yake mkononi. Dalili za hatari zilizotajwa humu si za kusoma na kusubiri: ukiziona, nenda kituoni siku hiyohiyo.

## Mambo ya kuanzia

Kisukari cha mimba kinatoka wapi? Mimi sijawahi kuugua sukari.

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama (insulini ndiyo inayoshusha sukari kwenye damu), ili sukari ya kutosha ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Kongosho la mama wengi hujibu kwa kuongeza insulini, na mambo yanakwenda sawa. Kwa wengine linashindwa kufuata mwendo huo, sukari inapanda, mara nyingi kuanzia mwezi wa tano au wa sita.

Kwa hiyo hujajiletea kwa kunywa chai ya sukari wiki iliyopita. Walio karibu zaidi na tatizo hili ni wenye uzito mkubwa kabla ya mimba, wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, waliowahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, na wenye umri uliosogea. Lakini wapo wembamba wanaopata pia, ndiyo maana umbo la mtu halitumiki kuamua nani apimwe.

Sukari yangu inamfikiaje mtoto?

Sukari huvuka kondo la nyuma. Insulini yako haivuki. Mtoto anapokea sukari nyingi, kongosho lake dogo linalazimika kutengeneza insulini ya kuishughulikia, na ziada inahifadhiwa kama mafuta. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza mlolongo huu katikati ya karne iliyopita, na mpaka leo ndio tunaofundishwa.

Unene wa mtoto ndio watu wanaouona. Kuna jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Mtoto mwenye insulini nyingi hutumia oksijeni nyingi zaidi, mwili wake unatengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi ili kufidia, na chembe hizo zinakula madini ya chuma. Chuma kikipungua, ubongo unaojengwa wakati huohuo unabaki na kidogo. Hapo ndipo sukari ya mama inapokutana na habari ya tabia ya mtoto.

Ni tabia gani hasa zinazohusishwa na afya ya mama wakati wa ujauzito?

Mambo matatu hutajwa zaidi: tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo kwenye karatasi za hospitali huandikwa ADHD, usonji (shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wengine), na kuchelewa kukua kiakili, kwa mfano kuchelewa kuongea au kujifunza.

Mwaka 2012 watafiti wa California walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa usonji na ucheleweshaji wa ukuaji vilionekana zaidi kwa watoto ambao mama zao walikuwa na kisukari, presha au unene uliopitiliza walipokuwa wajawazito. Mwaka 2025 ukatoka uchambuzi uliounganisha tafiti 202, zenye mama na watoto zaidi ya milioni 56. Watoto waliokuwa tumboni mama akiwa na kisukari walikuwa na uwezekano wa kupata matatizo ya ukuaji wa ubongo uliozidi wa wengine kwa asilimia 28.

Asilimia 28! Basi mwanangu ameshaharibika?

Hapana. Hii namba inatisha kwa sababu watu huisikia kama "watoto 28 kwa kila 100". Sivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya watoto 100 ambao mama zao hawakuwa na kisukari, 5 wana tatizo fulani. Ongeza asilimia 28 juu ya hao 5, unapata 6 au 7. Watoto 93 kati ya 100 wanaendelea na maisha yao bila tatizo hilo.

Na kuna la kuongeza. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa mama na watoto milioni 3.6 kutoka Hong Kong, Taiwan, New Zealand, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyebebwa mama akiwa na kisukari cha mimba na mwingine bila, tofauti ya ADHD kati yao haikuonekana. Maana yake sehemu kubwa ya uhusiano huu inatokana na yale ambayo ndugu wanachangia: kurithi, hali ya maisha, chakula cha nyumbani. Sukari inadhibitiwa kwa sababu nyingi nzito, kuanzia uchungu salama hadi mtoto kutoka mzima. Lakini mtu asikuambie kwamba kipimo kimoja kibaya kimeshaandika tabia ya mwanao.

## Kupima

Nipimwe lini, na kipimo chenyewe kikoje?

Kipimo kinachotegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Aliye kwenye kundi la hatari apimwe tangu hudhurio la kwanza, kwa sababu huenda kisukari kilikuwepo kabla ya mimba.

Unafika asubuhi hujala tangu usiku. Unatolewa damu. Unapewa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye maji, utamu unaokaribia wa soda mbili za mililita 350 kwa mkupuo, unazimaliza kwa dakika tano hivi. Halafu unakaa, unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Katika muda huo usitafune korosho za pakiti ulizonunua getini wala usizunguke sokoni. Wengine hupata kichefuchefu. Ukitapika mwambie mtaalamu, usinyamaze ukasubiri majibu yasiyo na maana.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka hivi: kabla ya kula, milimoli 5.1 kwa lita au zaidi. Saa moja baadaye, 10.0 au zaidi. Saa mbili baadaye, 8.5 au zaidi. Kimoja tu kikifika, ni kisukari cha mimba. Kabla ya kula ikifika 7.0, au saa mbili baadaye ikifika 11.1, hicho ni kisukari kamili.

Zahanati walinipima mkojo wakasema hakuna sukari. Haitoshi?

Haitoshi. Mkojo unaweza kuwa safi huku damu ina sukari, na unaweza kuonyesha sukari kwa mama mzima kabisa. Kipimo cha mkojo kina kazi yake muhimu, ya kutafuta protini kwa ajili ya presha ya mimba (tazama swali la presha). Kama zahanati yenu haina kipimo cha glukosi, omba rufaa. Kwa ukanda wetu pa kuuliza kwanza ni hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara mjini, ya Sokoine kwa walio Lindi mjini, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao kwa walio bara.

## Chakula cha kwetu

Niache ugali wa muhogo?

Usiuache, upunguze. Muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo mno. Sahani ninayoiona majumbani ni mlima wa ugali, kisamvu vijiko viwili, na kipande cha samaki ambacho mara nyingi kimeenda kwa baba. Igeuze. Kisamvu au mchicha ujaze nusu ya sahani, ugali robo, na robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, mbaazi, kunde au choroko. Mbaazi zimejaa mashambani kwetu, tunaziuza zote halafu tunanunua mkate mweupe.

Wali wa nazi, viazi, ming'oko (mizizi ya porini) na chapati vyote ni wanga, havibadilishani na mboga. Ukila ming'oko saa kumi, hicho ndicho chakula chako cha wanga cha wakati huo. Usikiongezee chai ya sukari na andazi.

Soda, madafu, juisi ya mabibo (matunda ya mkorosho)?

Soda na juisi ya miwa acha mpaka ujifungue. Juisi ya mabibo ni tamu vilevile, heri ule bibo lenyewe. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda ila si maji, glasi moja yatosha. Korosho zilizokaangwa, kiganja kimoja, ni kitafunwa kizuri kwa mwenye sukari: zina protini na mafuta, hazipandishi sukari kwa ghafla. Angalia tu zisiwe na chumvi nyingi.

Nitaje na msimu. Fedha za mnada wa korosho zikiingia, kati ya Oktoba na Desemba, nyumba nyingi hubadilisha chakula mara moja: soda kila siku, maandazi, wali asubuhi na jioni. Mama aliyekuwa na sukari nzuri Septemba anarudi kliniki Novemba imepanda. Fedha hiyohiyo inunue samaki na mayai.

Nina kisukari cha mimba na Ramadhani imefika. Nifunge?

Kama unachoma insulini, usifunge. Sukari inaweza kushuka mchana ukazimia. Kama unadhibiti kwa chakula tu, zungumza na daktari wako kabla ya mwezi kuandama. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye, na masheikh wetu wanalijua hili vizuri. Waulize bila aibu.

Mwili wa mjamzito ukikaa na njaa huanza haraka kuchoma mafuta na kutoa kemikali ziitwazo ketoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta kuwa ketoni nyingi mwishoni mwa mimba ziliendana na alama za chini za akili kwa watoto walipopimwa wakiwa wadogo. Halafu inakuja futari: uji wenye sukari, tambi, kaimati, mihogo ya nazi, vyote ndani ya nusu saa. Kwa mwenye kisukari huo ni mshuko na mpando wa siku moja.

Chumvi inahusikaje na akili ya mtoto?

Swali hili naulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Tezi ya shingoni ndiyo inayoendesha kasi ya mwili mzima, na homoni zake ndizo zinazosimamia ujenzi wa ubongo wa mtoto. Katika wiki za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni za mama tu. Na tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hata upungufu wa wastani wa madini joto kwa mama wajawazito uliendana na alama za chini za akili na kusoma kwa watoto wao wa miaka 8 na 9.

Sasa tazama mazingira yetu. Pwani hii ina mashamba ya chumvi, na chumvi ghafi hupimwa kwa kopo sokoni kwa bei ya chini, haijawekwa madini joto. Tena muhogo ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri una sumu ambayo mwili unapoivunja hutoa kitu kinachozuia tezi kuchukua madini joto. Mama anayekula ugali wa muhogo kila siku kwa chumvi ya kopo amebanwa pande mbili. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, itunze kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko, itie chakula kikikaribia kuiva. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, mchuzi na vyote vikiwemo.

Nina hamu ya kula udongo. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba wengi wanayo, lakini mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu. Udongo wenyewe unazuia chuma kufyonzwa na unaweza kuleta minyoo. Pima damu, kisha soma swali linalofuata.

## Damu, presha na uzito

Vidonge vya kuongeza damu vinanichefua. Nikiviacha kuna ubaya gani?

Upo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 530,000, ulilinganisha mama waliogunduliwa kupungukiwa damu kabla ya wiki ya 30 na wengine. ADHD ilikuwa asilimia 9.3 kwa watoto wa waliopungukiwa mapema na 7.1 kwa wasiopungukiwa, usonji 4.9 kwa 3.5; ulemavu wa akili 3.1 kwa 1.3. Waliopungukiwa mwishoni mwa mimba hawakuonyesha tofauti kubwa namna hiyo. Neno "mapema" ndilo la kushika hapo, kwa sababu wengi wetu tunaanza kliniki mimba ikishaonekana kwa majirani.

Meza kidonge usiku baada ya kula kidogo, kichefuchefu hupungua. Usikimeze kwa chai ya rangi, inazuia chuma. Subiri saa mbili. Kula chungwa au embe pamoja nacho. Choo kuwa cheusi si ugonjwa. Na kwa kuwa mikoa yetu ina malaria nyingi, ambayo hula damu, lala ndani ya chandarua na umeze dozi za SP unazopewa kliniki.

Presha ya mimba nayo inagusa tabia ya mtoto?

Tafiti zinaihusisha, kwa kiwango kidogo. Mishipa ya kondo ikibana, mtoto anapata oksijeni na chakula pungufu, na mara nyingi analazimika kuzaliwa kabla ya wakati. Kuzaliwa njiti kwenyewe kunaongeza uwezekano wa matatizo ya umakini. Lakini presha tunaikimbiza kwanza kwa sababu inaua mama. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu za kulia: usingoje kesho. Kama uliwahi kuwa na kifafa cha mimba, sema siku ya kwanza ya kliniki, kwani ipo asprini ya dozi ndogo ambayo daktari huiandika mapema kwa wenye hatari kubwa.

Mimi ni mnene. Nijikondeshe nikiwa mjamzito?

Hapana, ila usiongezeke kupita kiasi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unaotumika sana unasema mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16, mwenye uzito uliozidi 7 hadi 11.5, na mnene sana 5 hadi 9. Tembea nusu saa kwa siku kama daktari hajakukataza. Kula "kwa ajili ya wawili", kama mama wakwe wanavyosisitiza, si lazima; mtoto anahitaji chakula bora, wingi ni kidogo tu zaidi.

Dawa za sukari hazimdhuru mtoto?

Insulini haivuki kondo. Metformini, dawa ya sukari ya vidonge, huvuka, lakini hutumika kwa wajawazito kwa uangalizi wa daktari. Aliyekuwa na kisukari tangu utotoni asithubutu kuacha insulini hata siku moja. Dawa za kienyeji za kushusha sukari, za mizizi na magome, weka kando katika miezi hii. Hakuna anayejua ndani ya kikombe kile mna kiasi gani.

## Mtoto akizaliwa

Kwa nini walimtoboa mwanangu kisigino mara kwa mara?

Walikuwa wanapima sukari. Mtoto alizoea kupokea sukari nyingi na kutoa insulini nyingi. Kitovu kikikatwa, sukari inakoma lakini insulini yake bado ipo, kwa hiyo sukari inaweza kushuka vibaya saa za mwanzo. Ikikaa chini muda mrefu, ubongo unaumia. Akitetemeka, akilegea, akikataa ziwa au akipata degedege, ita mtu mara moja.

Kinga yake ni rahisi: anyonye ndani ya saa ya kwanza, na tena kila saa mbili au tatu. Yale maziwa ya mwanzo ya njano ndiyo anayoyahitaji, bibi asiyakamue na kuyamwaga. Ndiyo sababu pia mwenye kisukari cha mimba hatakiwi kujifungulia nyumbani.

Kisukari kimeisha baada ya kujifungua. Nirudi kufanya nini?

Rudi upimwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, halafu kila mwaka mmoja hadi mitatu. Waliowahi kupata kisukari cha mimba wako karibu zaidi na kisukari cha ukubwani. Na kabla ya mimba nyingine pima kwanza, ili uingie ukiwa sawa.

## Mtoto akishakua

Nitajuaje kama ni utundu wa kawaida au ni tatizo?

Utundu wa miaka mitatu ni afya. Daktari hufikiria ADHD pale hali inapodumu miezi sita au zaidi, inapoonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni au madrasa, na inapomzuia kujifunza au kucheza na wenzake. Kwa usonji tazama mapema: mwaka mmoja haitiki jina lake, mwaka na nusu hanyoshi kidole kukuonyesha kitu, au alikuwa na maneno yakapotea.

Kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa, apimwe masikio na macho. Nimeona watoto walioitwa wakaidi kumbe hawasikii. Malaria kali yenye degedege, upungufu wa damu, njaa ya asubuhi na usingizi mchache huleta utukutu uleule, na vyote vina tiba.

Ndugu wanasema amepagawa, tumpeleke kwa mganga.

Dua haimdhuru mtoto. Kumfungia ndani, kumchanja, kumfukizia moshi na kumchapa "yatoke" vinamdhuru. Anza hospitali ya mkoa, na ikibidi utapewa rufaa kwenda kwa wataalamu wa watoto. Mwalimu akae naye mbele, kazi apewe kwa vipande vifupi, asifiwe mara tu anapomaliza. Nyumbani ratiba isibadilike ovyo. Hayo peke yake yamewatuliza watoto wengi.

Mume wangu anasema mimi ndiye niliyemharibu mtoto kwa sukari yangu.

Mwambie asome hapa. Utafiti mkubwa wa Norway wa mwaka 2014 ulikuta unene wa baba unahusiana na usonji wa mtoto, tena kuliko wa mama. Rejea pia jibu la ndugu wa tumbo moja huko juu. Mama ndiye anayepimwa, kwa hiyo mama ndiye anayeonekana. Baba hakuna aliyemtoboa kidole. Nawaambia akina baba wanaowasindikiza wake zao: na wewe pima sukari na presha leo, uko hapahapa.

Mtoto ana miaka minane, sikupimwa sukari nikiwa na mimba yake. Kuna faida kujua sasa?

Kwa mtoto, hakuna kipimo cha kurudi nyuma, na msaada atakaopewa hautegemei jibu hilo. Mweleze daktari alizaliwa na kilo ngapi, kwa wakati au kabla, na kama alilia mara moja; kadi yake ya kliniki ukiwa nayo nenda nayo. Kwa upande wako, kama alizaliwa na kilo 4 au zaidi, pima sukari yako mwaka huu hata kama hujisikii vibaya.